Transfa ya gari la 4x4 ikifa: itengenezwe au ibadilishwe?



Vani ya 4x4 ni msaada mkubwa kwa watu wanaoishi mbali na hospitali na soko. Ikilala, mgonjwa husubiri, mboga huoza, na fedha zilizochangwa na kikundi huishia gereji. Kifaa kimoja kinachosumbua katika magari ya aina hii ni transfa. Mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa huiita boîte de transfert. Makala haya yanaeleza kazi ya transfa, sababu za kuharibika kwake, na namna ya kuamua kama itengenezwe au ibadilishwe. Ni kwa ajili ya madereva na mafundi, na pia kwa wale wasiojua ufundi lakini ndio wanaolipa.

1. TRANSFA NI NINI?

Transfa ni sanduku la chuma lililofungwa nyuma ya giaboksi. Hupokea nguvu ya injini na kuigawa kwenye propela mbili, moja ya kwenda magurudumu ya nyuma na moja ya mbele. Ndani mna gia na beringi. Katika magari mengine mna pia cheni nene. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 hutumia gia tu, bila cheni.

Dereva huiongoza transfa kwa mkono mdogo ulio kando ya mkono wa gia. Katika magari mengi mkono huo una alama nne:
- 2H: magurudumu ya nyuma peke yake, kwa barabara nzuri.
- 4H: magurudumu yote manne, kwa tope na mchanga.
- N: nguvu haiendi popote.
- 4L: magurudumu yote manne kwa mwendo wa polepole wenye nguvu nyingi, kwa kujinasua au kupanda mlima mkali.

2. KWA NINI HUHARIBIKA?

(a) Kutembea na 4x4 kwenye lami. Mtaa wa Carama uko kaskazini mwa Bujumbura, katika tambarare ya Imbo. Mvua ikinyesha, njia za udongo huteleza na dereva huingiza 4H. Hapo amefanya vizuri. Tatizo huanza akifika kwenye lami ya RN1 na kupanda kona za kuelekea Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, bila kuitoa.

Kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope magurudumu huteleza kidogo na tofauti hiyo huisha. Lami hushika, kwa hiyo tofauti haina pa kwenda: huzisokota propela, cheni na gia. Dalili zake ni usukani kuwa mzito, gari kushtuka-shtuka kwenye kona, na mkono wa transfa kukataa kutoka. Ukiona hivyo usiulazimishe. Simama mahali salama, rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, kisha utoe.

Yako magari ambayo magurudumu yote manne huvuta wakati wote. Hayo yana difu ya katikati na hayaharibiki kwa sababu hii, mradi difu hiyo haikufungwa. Ulizeni kwanza gari lenu ni la aina gani.

(b) Oili kupungua. Transfa ina oili yake, mbali na ya injini. Sili ikichoka, oili huvuja chini, au hupita kimya kimya kati ya transfa na giaboksi. Upande mmoja hujaa na mwingine hukauka bila tone kuonekana chini ya gari.

(c) Maji kuingia. Juu ya transfa kuna tundu au mpira mwembamba wa kupumulia. Ukiziba, au ukikatika, transfa yenye moto ikiingia ghafla katika maji baridi ya mto huyanyonya. Oili iliyoingia maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

(d) Matairi yasiyolingana. Tairi mpya mbele na zilizolika nyuma huleta msokoto uleule, hata kwenye barabara iliyonyooka.

3. KABLA YA KUIFUNGUA

Wako watu waliolipia transfa nzima kumbe kilichokufa ni kitu kidogo. Fuateni hatua hizi kwa zamu:

- Hakikisheni mkono haukukaa kwenye N.
- Kama ni magurudumu ya mbele yanayokataa kuvuta, kagueni kwanza vitovu vyake (habu) kama vimefungwa, pamoja na waya au mipira ya hewa inayoingiza 4x4. Mpira uliopasuka hubadilishwa kwa muda mfupi.
- Pimeni oili. Fungueni kwanza nati ya kujazia, ndipo muifungue ya kumwagia. Mkimwaga kwanza halafu nati ya kujazia ikagoma, gari halitaondoka hapo. Oili inatakiwa kufika kwenye mdomo wa tundu la kujazia. Wekeni aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari: transfa nyingi hutaka oili nzito ya gia, lakini nyingine hutaka oili nyepesi ya giaboksi za otomatiki.
- Tazameni oili iliyotoka. Vumbi laini la kijivu kwenye sumaku ya nati ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida.
- Gari likikataa kwenda kabisa, ingizeni 2H na gia ya kwanza, muachie klachi polepole, mtazame mshale wa spidomita. Katika magari ya zamani waya wake hutoka kwenye transfa. Mshale ukipanda na gari limesimama, transfa inazunguka. Ubovu uko mbele yake, kwenye propela, difu au ekseli. Mshale usipopanda, ubovu uko kwenye klachi, giaboksi au transfa. Mkijaribu 4L na gari likaenda, lawama ni ya transfa.

4. NJIA TATU ZA KUCHAGUA

Ya kwanza: kuitengeneza. Ikiwa sanduku halina ufa na meno ya gia ni mazima, tengenezeni. Mara nyingi vinavyohitajika ni beringi, sili, gasketi, na cheni kama ipo. Msikubali kuambiwa kwamba beringi haipatikani kwa sababu gari ni la zamani. Beringi nyingi huchorwa namba inayotumiwa na viwanda vingi duniani. Kwa mfano 6305 na 6207: tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 hutoa upana wa tundu kwa milimita, yaani 25 na 35. Andikeni namba hiyo na mtafute kwa namba, si kwa jina la gari.

Ya pili: kuibadilisha. Ikiwa sanduku limepasuka, meno yamekatika, au shafti imelika mahali pa beringi, matengenezo yatakula fedha na hayatadumu. Tafuteni transfa iliyotumika. Buyenzi ndiko waliko mafundi wengi wa magari wa Bujumbura, na hapo ni mahali pazuri pa kuanzia. Nendeni na ile ya zamani na mlinganishe: idadi ya meno ya shafti inayoingia giaboksi, upande inakotokea propela ya mbele, na mahali pa waya wa spidomita. Izungusheni kwa mkono katika kila nafasi. Isikwame wala isikwaruze. Shikeni shafti ya kutokea na muitikise juu na chini, isicheze. Nuseni oili: ikinuka kuungua, iacheni.

Ya tatu: kusubiri. Ikiwa ubovu ni wa upande wa mbele tu, fundi anaweza kuivua propela ya mbele na gari likatembea kwa 2H. Halitafaa kwenye tope, lakini kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, litabeba watu huku kikundi kikikusanya fedha. Njia hii haifai kwa gari lenye difu ya katikati, isipokuwa difu hiyo iweze kufungwa.

5. TAHADHARI

- Transfa ni nzito. Ishusheni watu wawili au kwa jeki. Asilale mtu chini yake akiipokea kifuani.
- Msiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Matofali ya saruji hupasuka ghafla. Tumieni magogo manene au stendi za chuma.
- Propela ikivuliwa, au mkono ukiwa kwenye N, gia haiwezi kulizuia gari lisiviringike. Wekeni kabari pande zote za magurudumu na mwondoe watoto.
- Gari likivutwa mbali kwa kamba, vueni propela kwanza, la sivyo transfa itazunguka bila oili ya kutosha.
- Oili chafu isimwagwe kwenye mtaro. Maji ya mitaro ya Bujumbura huishia Ziwa Tanganyika, na humo ndimo mji unamochota maji ya kunywa. Iwekeni kwenye kidumu chenye kifuniko.

6. FEDHA ZA KIKUNDI

Fedha za wengi hutaka macho ya wengi. Kabla ya kazi kuanza, andikeni kwenye karatasi: kazi gani itafanywa, vipuri gani vitanunuliwa, nani atavinunua, na gari litakuwa tayari lini. Chagueni watu wawili wawepo sanduku linapofunguliwa, na fundi awaonyeshe kilichovunjika. Vipuri vya zamani virudishwe kwenu, hata kama ni vyuma chakavu. Kwa transfa iliyotumika, ombeni siku chache za kuijaribu, na makubaliano hayo yatiwe saini na pande zote mbili.

Kazi ikiisha, endesheni gari mwendo mfupi, kisha mlaze kadibodi safi chini yake usiku mmoja. Asubuhi kadibodi ikiwa kavu, pimeni oili tena. Ikiwa haikupungua, gari liko tayari kubeba mgonjwa.

Na dereva akumbushwe kila safari: tope likiisha, arudishe 2H kabla ya kupanda lami.