Alitumwa kutafuta uyoga, akakuta siri ya paini

Mbao za paini zinazotoka Sao Hill, wilayani Mufindi, na kuvushwa hadi Kenya zina mshirika asiyeandikwa kwenye hati yoyote ya forodha. Ni kuvu inayoishi kwenye mizizi ya mti. Aliyeeleza kazi yake ni Mjerumani Albert Bernhard Frank, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Dresden mwaka 1839.

Frank alitumwa kutafuta kitu kingine kabisa. Serikali ya Prussia, dola kubwa la Ujerumani wakati huo, ilitaka biashara: apatikane mtu wa kuwaonyesha namna ya kulima trufeli, uyoga wa bei mbaya unaoota chini ya udongo. Njia hiyo hakuipata. Lakini katika kufukua msituni aliona mizizi ya miti imefunikwa na nyuzi nyembamba za kuvu, na miti yenyewe ina afya njema.

Mwaka 1885 alitangaza kwamba kuvu hiyo ni mlezi wa mti. Inaunyonyea maji na chumvi za udongo, nao mti unailipa kwa sukari inayotengenezwa kwenye majani. Akaupa ushirika huo jina la mikoriza, kwa Kigiriki kuvu na mzizi.

Wenzake wengi walimpinga. Kwao kuvu ilikuwa ugonjwa tu, basi. Frank hakubishana kwa maneno matupu: alipanda miche ya paini katika udongo wa msituni, mingine katika udongo uleule uliokwisha kuchomwa kwa joto ili kuvu ife. Iliyokosa kuvu ilidumaa.

Jaribio hilo ndilo linalotuhusu huku. Paini si mti wetu. Aina ya patula, iliyojaa Sao Hill, asili yake ni Mexico. Mbegu zilipoletwa Afrika Mashariki, kuvu yake haikuja nazo, na miche ya mwanzo ilisumbua sana: ikageuka manjano, ikagoma kukua. Dawa ilikuwa udongo uliochotwa chini ya paini zilizokwisha kukomaa, ukachanganywa kwenye vitalu. Watunza vitalu wanafanya hivyo mpaka leo, wengi bila kumjua Frank.

Wafanyabiashara wa mbao wanaoweka faida yao kwenye mashamba ya miti wana sababu ya kuuliza, kabla ya kulipia miche, udongo wa viriba umetoka wapi. Afadhali kupasua kiriba kimoja utazame: mizizi yenye kuvu huwa na ncha fupi nene, zilizogawanyika kama panda ya manati, mara nyingi na nyuzi nyeupe. Mche wa manjano usio na ncha hizo haufai kupandwa hata ukipunguziwa bei.

Frank alifariki Berlin mwaka 1900, ubishi ukiwa bado haujaisha. Trufeli za Prussia hazikupatikana.