Chungu kikishachemka, punguza kuni

Mwezi huu tunazungumzia kuni. Hakuna familia hapa kambini isiyojua taabu ya kuni: pori liko mbali, na wote tunajua yanayoweza kuwapata akina mama na mabinti huko njiani. Kwa hiyo kila kijiti kinachookolewa jikoni ni safari iliyopungua. Na vijiti vingi tunavipoteza kwa kutojua jambo moja ambalo watoto wetu wanafundishwa darasani: maji yakishaanza kuchemka, hayazidi tena kupata moto.

Hebu tulieleze vizuri. Maji ya baridi yakiwekwa mafigani, kila joto linaloingia linayapandisha: nyuzi 20, 50, 80. Yakifika kwenye kuchemka yanasimama hapo hapo. Weka kuni mbili, weka kumi, ni bure tu. Sasa lile joto linakwenda wapi? Linafanya kazi nyingine, yaani kuyageuza maji kuwa mvuke. Barafu nayo iko hivyo: inapoyeyuka hubaki kwenye nyuzi 0 mpaka kipande cha mwisho kiishe, hata ukiiweka juani.

Kazi hiyo ya kutengeneza mvuke ni ghali mno. Tuseme lita moja ya maji inahitaji tita moja la kuni ili itoke nyuzi 20 hadi ichemke. Kuigeuza lita hiyo hiyo yote kuwa mvuke kutataka matita karibu saba! Basi ukiona chungu hakina mfuniko na mvuke unapaa mpaka kwenye paa, ujue hizo ni kuni zako zinaondoka.

Wengine watasema, lakini maharagwe yanataka moto mkali. Hapana, yanataka muda. Moto mkali na moto mdogo, maadamu maji yanachemka, joto ndani ya chungu ni lile lile. Kinachobadilisha joto hilo ni urefu wa nchi. Kando ya Ziwa Tanganyika, Uvira au Kigoma mjini, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Waliotoka milima ya juu ya Uvira, kwenye zaidi ya mita 2,000, wanakumbuka jinsi maharagwe ya kule yalivyokuwa magumu kuiva. Si mbegu mbaya. Kule hewa ni nyepesi, maji huchemka mapema, kwenye nyuzi 93 hivi, na hayapandi zaidi.

Basi tufanyeje? Loweka maharagwe tangu jioni, asubuhi mwaga maji yake. Chemsha kwa mfuniko, yachemke kweli kweli nusu saa. Usipunguze hapo, maana maharagwe mekundu yana sumu inayotaka kuchemka kwa nguvu dakika 10 au zaidi ili iishe. Kisha ondoa chungu motoni bila kukifunua, kiweke ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu, kifunike kwa mablanketi mazito, ukiache muda wa saa tatu hadi nne. Joto lililomo linaendelea kupika bila kijiti hata kimoja. Kabla ya kula, yachemshe tena kidogo. (Watoto watataka kuchungulia, kila wakifunua, joto linatoka.)

Maji ya kunywa nayo, wengine wanayaacha yachemke nusu saa, eti vijidudu vife vizuri. Yakishatokota kwa nguvu dakika moja inatosha; huko milimani dakika tatu. Yafunike, yapoe yenyewe.

Kuni mbichi ni hasara ile ile kwa mlango mwingine. Moto lazima kwanza uyageuze maji yaliyomo ndani ya mti kuwa mvuke, ndipo upike, na wewe unabaki na moshi machoni. Anika kuni kabla ya masika.

Tusisahau hatari ya mvuke. Unapogusa ngozi unarudi kuwa maji, na joto lote lile lililojificha unalimwaga hapo kwa mara moja. Ndiyo maana unaweza kuunguza vibaya kuliko maji ya moto yenyewe. Funua chungu kwa kuinua upande wa mbali nawe, mtoto asiwe karibu. Aliyeungua amwagiwe maji ya baridi dakika 20, asipakwe mafuta wala dawa ya meno, apelekwe zahanati.

Mtungi wa udongo unatumia kanuni hii hii kwa faida yetu. Maji kidogo hupenya nje na kukauka, na yanapogeuka mvuke huchukua joto la yale yaliyobaki ndani. Uweke kivulini penye upepo. Kiangazi utapoza vizuri. Masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, hautapoza sana.