Goma: kamba ya fundi na Pythagore wa shuleni

Mjini Goma, kabla ya kuchimba msingi, fundi wa kujenga anasimamisha vigingi kati ya mawe meusi ya volkeno na kufunga kamba mbili zinazokutana kwenye kona. Anaweka alama kwenye mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, kisha anapima toka alama moja hadi nyingine. Akikuta mita 5, kona iko sawa. Ikizidi 5, kona imefunguka mno, ikipungua, imejifunga. Anasogeza kigingi, anapima tena. Kosa la hapa litaonekana siku ya kupiga mabati, na kubomoa ukuta ni pesa.

Watoto wa mafundi hao wanakutana na jambo hilo hilo katika sekondari, kwa Kifaransa: angle droit, angle aigu, angle obtus. Kiswahili, moja ya lugha nne za taifa, kina nafasi katika madarasa ya kwanza ya shule ya msingi. Geometri ngumu inakuja baadaye, Kifaransa kikiwa kimeshika darasa. Lakini maneno yapo, na watoto wa Tanzania wanayasoma katika shule ya msingi: pembe mraba ina degre 90, pembe kali iko chini yake, pembe butu inaipita. Pipa la maji ni mche duara. Fungu la mchanga lenye ncha ni pia.

Kujua majina tu hakutoshi, ni kweli. Penye kuumiza ni démonstration, yaani uthibitisho. Mwalimu anauliza: pembetatu yenye pande 3, 4 na 5 ina pembe mraba? Mwanafunzi anaandika “kufuatana na Pythagore” na kupoteza pointi.

Kumbe sentensi ni mbili. Ya kwanza: ikiwa kuna pembe mraba, basi, kila upande ukizidishwa kwa wenyewe, jumla ya pande mbili fupi inalingana na upande mrefu. Ya pili inageuza: ikiwa hesabu inalingana, basi kuna pembe mraba. 9 na 16 ni 25, kwa hiyo jibu linatoka katika ya pili, ile Kifaransa kinaita réciproque. Euclide, Mgiriki wa kale, alizithibitisha kila moja peke yake, ya 47 na ya 48 katika kitabu chake cha kwanza.

Fundi naye yuko kwenye sentensi ya pili: anajua urefu, anatafuta kona. Kiwanja kikiwa kikubwa, ni bora kuchukua mita 6, 8 na 10, maana kwenye kamba fupi kosa la sentimeta moja linapotosha kona zaidi.