Kijiko Kimoja cha Chai

"Hiyo damu mnayomtoa mtoto, ikishatoka inakwenda wapi?"

Swali hilo aliliuliza mzee mmoja katika kijiji cha bara ya Kilifi, nami mpaka leo ndilo ninaloanzia mafunzo yangu. Wakati ule nilikuwa msaidizi wa utafiti, natembea mji kwa mji na makaratasi ya ridhaa. Mtafiti niliyefuatana naye, kijana msomi mwenye nia njema kabisa, alimjibu kwamba ni mililita 5 tu, na zitahifadhiwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Mzee akashukuru kwa adabu. Kesho yake hakuletwa hata mtoto mmoja kutoka mji ule.

Pwani yetu ina neno mumiani. Tangu enzi za ukoloni watu wamesimuliana habari za wanaokamatwa usiku na kunyonywa damu ikatengenezwe dawa. Wapo wataalamu wanaoyasikia hayo wakaona ni ujinga unaongoja elimu. Mimi nasikia ndani yake swali la haki kabisa: kitu kilichotoka mwilini mwangu kinamfaa nani? Mzee hakuuliza kipimo, aliuliza safari. Angeambiwa kwamba ni kijiko kimoja cha chai, kwamba inakwenda maabara pale mjini, inapimwa malaria na inayobaki inawekwa kwenye baridi kali ili isiharibike, tena akitaka kwenda kuona atapelekwa, mazungumzo yangeendelea.

Siku hizi kazi yangu ni kuwafundisha wanasayansi vijana kuzungumza na watu. Siku ya kwanza tunapambana na maneno. Mama akiambiwa kipimo cha mwanawe ni chanya, naye redioni husikia mawazo chanya yakisifiwa, ataelewa nini? Ukisema watoto watagawanywa kwa bahati nasibu, unamtia kamari kichwani. Na neno majaribio, hata liwe sahihi namna gani, humfanya msikilizaji ajione yeye ndiye anayejaribiwa.

Huwapa mfano wa chanjo ya malaria, RTS,S. Utafiti wake mkubwa ulianza mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Kilifi na Bagamoyo zikiwemo. Ili kulinganisha, watoto wa miezi 5 hadi 17 waliokuwa kundi la pili walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Hebu mweleze mzazi jambo hilo: umekuja kwake kwa habari ya malaria, mwanawe huenda akachanjwa kichaa cha mbwa, na wewe mwenyewe hujui atapata ipi. Linaelezeka, lakini lataka muda, lataka kukaa chini, na lataka mtu asiyekasirika akiulizwa mara ya nne.

Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanza Kilifi mwaka 1989, kina wawakilishi waliochaguliwa na wananchi wenyewe, wanaokutana na watafiti na kuwaletea yanayosemwa vijijini. Mpango huo naupenda kwa sababu maneno yanakwenda pande zote mbili.

Kusikiliza ndiko kugumu zaidi kufundisha. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanzania, aligundua mwaka 1963 kwamba maziwa ya moto aliyotengenezea aiskrimu yaliwahi kuganda kuliko yaliyopoa. Alipomuuliza mhadhiri Denis Osborne, wenzake walimcheka. Osborne alilichukua swali akalijaribu maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Siku ya pili nawapeleka kwa mama muuza mahamri. Kila mmoja anamweleza utafiti wake kwa dakika tatu, kisha mama ananisimulia mimi alichosikia. Mwezi uliopita msichana mmoja alieleza vizuri, kwa Kiswahili kilichonyooka, juu ya mbu waliozoea dawa ya vyandarua.

"Amesema vyandarua havifai tena," mama akaniambia.

Binti alishtuka. "Mama, nimesema hivyo wapi?"

"Si umesema mbu hawafi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akafunga daftari lake. "Mama, wewe hulala ndani ya chandarua?"

"Nalala, lakini kimetoboka. Sasa kama kimetoboka, na mbu wenyewe hawafi, nifanyeje mwanangu?"

Binti akavuta kigoda, akaketi karibu na karai. Akamwambia kwamba chandarua kizima humzuia mbu asimfikie mtu hata kama dawa haimuui, kwa hiyo lile tundu ndilo la kushughulikia kwanza. Mama akageuza mahamri yake, akafuta mikono kwa leso, akamwonyesha kwa vidole viwili ukubwa wa tundu.

"Liko upande gani," binti akauliza, "wa kichwani au wa miguuni?"