Utafiti na Taathira Yake: Mfano wa Kipkelion na Nchi ya Chai ya Kericho

Katika vyuo vikuu vya leo kazi ya mtafiti hupimwa kwa njia mbili. Kwanza huhesabiwa machapisho yake. Kisha huhesabiwa ni mara ngapi machapisho hayo yametajwa na wataalamu wengine. Kwa vipimo hivyo idara hulinganishwa na idara, na chuo hulinganishwa na chuo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vipimo hivyo, ingawa vina manufaa yake, havielezi lililo kubwa zaidi, yaani kama elimu iliyochumwa mahali fulani imewarudia watu wa mahali hapo. Mfano utakaotumiwa ni wa Kipkelion, katika kaunti ya Kericho, pamoja na mashamba ya chai yaliyo jirani.

Yafaa kuanza na istilahi. Neno linalotumiwa sana kuhusu jambo hili ni *athari*. Katika mazungumzo ya kila siku neno hilo limeelemea upande wa madhara: husemwa athari za ukame, athari za ulevi. Lakini katika Kiarabu, lilikotoka, maana yake ni alama inayoachwa na kitu kilichopita. *Taathira*, neno la shina hilohilo, limebaki na maana ya nguvu ya kitu kimoja juu ya kingine, nalo ndilo litakalotumiwa hapa. Likichukuliwa hivyo, swali la taathira ya utafiti huwa swali jepesi kulisema: utafiti umepita, je, alama yake imebaki wapi?

Kipkelion ni mji ulio kando ya reli ielekeayo Kisumu, na stesheni yake zamani iliitwa Lumbwa. Mbele yake, kwenye reli hiyohiyo, ipo Fort Ternan. Hapo mnamo mwaka 1961 Louis Leakey alichimbua masalio ya kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 14 iliyopita, na mwaka uliofuata akampa jina la *Kenyapithecus wickeri*, kwa heshima ya Fred Wicker, mwenye shamba. Tangu hapo wataalamu wa mifupa, udongo, mimea na kemia wamekutana juu ya kilima kimoja. Katika miaka ya 1990 walibishana kama viumbe hao waliishi katika mbuga ya nyasi au katika pori la miti, kwa sababu jibu lake lagusa asili ya binadamu mwenyewe. Jina la Fort Ternan limeenea katika vitabu vya dunia nzima.

Mfano wa pili ni wa malaria. Mwaka 1998 watafiti walitumia rekodi za hospitali ya kampuni ya chai ya Brooke Bond kuonyesha kwamba malaria ya mlipuko ilikuwa imerejea katika nyanda za juu za Kericho. Ndipo likazuka swali: je, chanzo chake ni joto la dunia kuongezeka, au ni vimelea kuzoea dawa ya klorokwini? Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake waliandika katika jarida la *Nature* kwamba takwimu za hali ya hewa walizozichunguza, zikiwamo za Kericho, hazikuonyesha badiliko la maana. Wengine walizipitia upya takwimu hizo na kuwapinga. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walichunguza vipimo vya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya vya miaka thelathini hivi, wakaona kwamba joto la Kericho lilikuwa likipanda kwa kiasi cha sehemu mbili za kumi za digrii Selsiasi kila mwongo.

Kwa kipimo cha kutajwa, mjadala huo ni wa fahari. Hata hivyo, uliendeshwa wote kwa Kiingereza, na hapa ndipo kazi ya mwanalugha inapoanza. Tuseme matokeo ya mwaka 2002 yangetangazwa kwa Kiswahili sokoni Kipkelion kwa maneno haya: "Hali ya hewa haijabadilika." Tafsiri hiyo ingekuwa fupi, tena ya kueleweka, lakini ingekuwa ya uongo. Watafiti hawakusema hivyo. Walisema kwamba katika takwimu walizokuwa nazo hawakuona badiliko kubwa kiasi cha kutoweza kudhaniwa kuwa ni la bahati tu. Msikilizaji aliyeambiwa sentensi ile ya kwanza, kisha mwaka 2011 akaambiwa kwamba joto linapanda, angekuwa na haki ya kuwaona wasomi kuwa ni vigeugeu. Na mtu aliyekwisha kupoteza imani hiyo hatakubali kwa wepesi kutolewa damu na mtafiti ajaye, wala kufuata shauri lake juu ya chandarua na dawa.

Mfano wa tatu ni wa chai yenyewe. Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki ilianzishwa Kericho mwaka 1951. Baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, kazi yake ilirithiwa na shirika la Kenya lililoundwa mwaka 1980. Mwaka 2011 shirika hilo lilitoa aina ya mchai iitwayo TRFK 306, ambayo majani yake yana rangi ya zambarau. Taathira ya kazi ya namna hii haimo katika majarida peke yake; imo mashambani. Mkulima asiyejua hata kichwa cha makala moja huutambua mchai huo kwa macho, akauita chai ya zambarau, na jina likaenea.

Tofauti ya mifano hii si ya ubora wa sayansi. Mche husafiri bila mkalimani. Hoja haisafiri bila lugha. Kwa hiyo utafiti wenye zao la kushikika hupata njia ya kurudi nyumbani, lakini ule ambao zao lake ni maarifa huhitaji kutengenezewa njia hiyo.

Uwezo wa kuitengeneza upo. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichoanza mwaka 2009 kama chuo kishiriki cha Moi na kupewa hati yake mwaka 2013, kimekusanya kilimo, afya, elimu na biashara katika kaunti hiyohiyo ya Kericho. Wala si jambo geni: mwaka 1979 Taaitta Toweett, mwana wa Kericho, alitoa kamusi ndogo ya nomino za Kiingereza, Kiswahili na Kikalenjin.

Ingefaa basi kila utafiti unaofanywa katika nchi hiyo uambatane na muhtasari wa Kiswahili, ulioandikwa na mtafiti na mwanalugha wakiwa pamoja, na kusomwa kwanza na watu waliotoa takwimu. Muhtasari huo uhesabiwe katika kazi za mhadhiri kama yahesabiwavyo makala. Pasipo kuhesabiwa hautaandikwa, kwa maana mhadhiri naye hupanda cheo kwa kile kinachohesabiwa.