Krismasi ya Mwezi wa Nne

Kila Desemba barabara ya kupanda Old Moshi hujaa magari ya wenyeji waliotoka Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza. Mbuzi huchinjwa, mbege hupikwa, watoto waliozaliwa mjini huonyeshwa kwa bibi. Kaka yangu huwa hayupo. Yeye ni mwongoza watalii, na sikukuu nyingi zimemkuta kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu, akiwaandaa wageni watakaoanza kupanda usiku wa manane kuelekea kilele cha Uhuru. Msimu wa mlima hauangalii kalenda ya ukoo. Unaanzia Desemba hadi mapema Machi, kisha Juni hadi Oktoba. Katikati yake yapo masika, na masika ndiyo yanayomrudisha kwa binti zake wawili.

Mvua ikishakolea, njia za msituni zinateleza, mawingu yanakaa juu ya vilele vya Kibo na Mawenzi siku nyingi mfululizo, na wageni wanapungua. Wapagazi, ambao Moshi tunawaita wagumu, wanashuka. Wapishi wanashuka. Waongozaji wanashuka. Kifedha ni miezi migumu, nami sitaipamba. Wifi yangu hubeba mikungu ya ndizi kwenda soko la Mbuyuni, hukopa kwenye VICOBA, na kila mchango wa shule unaotajwa hupokelewa kwa kimya kirefu. Lakini nikitazama mwaka mzima wa nyumba ile, Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo wale watoto wana baba wa kila siku, na kwangu hilo lina uzito kuliko upungufu wote huo.

Mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo yuko awali. Kama ilivyo desturi yetu, mkubwa amechukua jina la mama yetu na mdogo jina la mama wa wifi. Mimi ni shangazi yao. Ninaishi mjini, na Jumamosi za masika hupanda daladala hadi Kiboriloni, kisha bodaboda ikikubali kupanda, au miguu ikiwa tope limeshinda.

Asubuhi za masika nyumbani kwao zina harufu ya moshi, kwa sababu sare za shule hazikauki. Wifi huzianika juu ya kamba jikoni usiku kucha, na alfajiri hupiga pasi ya mkaa mpaka mvuke unyanyuke kwenye kola. Kaka naye anakuwa jikoni, jambo ambalo mama yetu angelisikia, angeuliza ni nani mgonjwa. Huko mlimani alianza kama mgumu, akibeba mzigo wa kilo 20 wa kampuni juu ya mzigo wake mwenyewe, kisha akaingia jiko la kambi, ndipo akawa mwongozaji. Wapishi wa mlimani karibu wote ni wanaume. Wanakanda unga penye baridi kali, wanapika supu penye hewa nyembamba ambapo maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Wakirudi kijijini, wengi wao hawagusi sufuria. Kaka amevunja mwiko huo. Aprili huwapikia wanawe supu ya karoti na tangawizi, ile ile wanayopewa wageni baada ya kutwa ya kupanda, na huwahudumia kwa adabu ya kambini, kikombe cha maji ya moto kwanza. Mdogo hujibu "asante sana" kwa sauti ya mgeni. Sijui kama wanajua wanalishwa kwa mkono ambao miezi mingine huwalisha watu wa mbali.

Halafu huwasindikiza shuleni, maana kuna korongo la kuvuka. Kiangazi mtoto hulivuka bila kuinua sketi. Masika ni jambo jingine. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeshaua watu 155 nchini, na huku kwetu mito inayotoka mlimani ilitutisha sote. Tangu hapo kaka akiwa nyumbani hakubali watoto wavuke peke yao. Akiwa mlimani, kazi hiyo ni ya wifi, na wifi ana ng'ombe wa kukatia majani kabla jua halijatoka.

Jumamosi ni siku ya kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Chao hakitimii ekari moja, lakini ndani yake mna migomba, kahawa, magimbi, parachichi, miti ya mbao, zizi la ng'ombe, na masale mpakani. Masika ndiyo shule yake. Nimemwona kaka akiwaonyesha wanawe jinsi ya kupunguza machipukizi ya mgomba: unabakiza mama, mtoto na mjukuu, mengine unayaondoa, la sivyo mkungu utakuwa mdogo. Mkubwa alikuwa akichagua mwenyewe lipi libaki, akazunguka shina lile kwa muda, akaamua. Hakukosea. Kwenye kahawa walipanda miche mipya ya aina zinazotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungo, zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa yaliyowafilisi wazee wetu kwa gharama za dawa. Kila mtoto ana miche yake, na anaijua.

Hapa ndipo moyo wangu unapogonga. Mimi pia nilifundishwa kihamba kile kile. Nilibeba samadi, nilichuma kahawa iliyopelekwa chama cha msingi na kuuzwa kupitia ushirika wa KNCU, nilijua kila mgomba kwa aina yake, mshare upi na ndizi ng'ombe ipi. Siku ya kukigawa, mila ilitaja wanaume tu, mkubwa na kitinda mimba wakiwa mbele. Sikugombana na kaka zangu, wala sina kinyongo nao. Ila sasa wazee wanamwuliza kaka ni lini atapata wa kiume, wanauliza mbele ya watoto, na mkubwa ameshafikia umri wa kuelewa swali lile linamaanisha nini juu yake.

Kisheria jibu lipo. Sheria za kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba zilimweka binti daraja la mwisho la urithi, lakini mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya, iliamua kwamba Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, alikuwa na haki ya kuliuza sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki halali ya kumiliki au kutumia ardhi. Tatizo ni kwamba sheria hizi hazipandi zenyewe mpaka Old Moshi. Baba akifa bila kuandika, ukoo hukaa chini ya mgomba na kuamua kama ulivyozoea.

Ndiyo maana nilifurahi mwezi uliopita kaka aliponiita pembeni, mvua ikipiga bati hata ikabidi asogee karibu. Anataka kuandika wosia: kihamba kwa binti zake wawili, wifi akae humo maisha yake yote. Wosia wa kimila unahitaji mashahidi wa ukoo na wasio wa ukoo, na jirani mmoja ameshakubali. Kwa upande wa ukoo, kaka ameniomba niwe shahidi mimi. Tumepanga kusaini kabla ya Juni, maana mlima ukifunguka hatutampata tena.