Mlio wa usiku ambao si pumu

Masumbwe, kwenye barabara ya Kahama kwenda Ushirombo, mtu akibanwa kifua vumbi la machimbo ndilo hutajwa kwanza. Si ajabu, maana silikosisi na kifua kikuu huwaandama wachimbaji. Lakini wapo wazee ambao hawajawahi kushuka duarani. Mzee anaburuta miguu, sauti imefifia, na usiku kila akivuta pumzi koo linatoa mlio mwembamba, mkali. Nyumbani wanasema anakoroma. Dawa ya pumu ya kupuliza haimsaidii.

Shida iko kooni. Nyuzi za sauti ni mbili, na kila tukivuta hewa zinapaswa kuachana. Kazi ya kuzifungua inategemea jozi moja tu ya misuli. Ubongo na neva zikianza kuharibika, nyuzi husogeleana pale pale zinapotakiwa kuachia njia. Pumu kwa kawaida hulia zaidi mtu anapotoa pumzi. Mlio huu huja anapovuta.

Hujitokeza hasa katika atrofia ya mifumo mingi, maradhi yanayofanana sana na Pakinsoni, ila mapema presha huporomoka mgonjwa akisimama na mkojo humsumbua. Wengine hufa usingizini.

Hata Pakinsoni yenyewe mara nyingi haitambuliwi. Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipata watu 33 wenye Pakinsoni kati ya wakazi zaidi ya 161,000, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Hiyo ni Hai, jirani kabisa na hospitali ya KCMC. Mzee wa Masumbwe atajuaje?

Ugumu mwingine ni kwamba mchana, mgonjwa akiwa macho mbele ya daktari, mlio unaweza usisikike kabisa. Ndiyo maana nasisitiza simu: mrekodi akiwa amelala, mpeleke na sauti hiyo kwa daktari wa masikio, pua na koo, kama wale wa Bugando, Mwanza. Asipewe dawa za usingizi kiholela, zinaweza kuzidisha kubanwa.

Baadhi husaidiwa na mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku. Hali ikizidi, hutobolewa tundu shingoni na kuwekewa bomba. Bomba hilo husafishwa kila siku, kwa hiyo familia ikubaliane mapema nani ataifanya kazi hiyo, na mgonjwa aulizwe kama analitaka, angali anaweza kujibu mwenyewe.